Pini za Upande wa Kulia

Mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, hatuivi chungu kimoja. Tunashona chumba kimoja kwa sababu cherehani zote mbili zilikuwa za marehemu mama yake, na kila mmoja wetu anaona ziliachwa kwake.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeinamia gauni la mteja, pini nne mdomoni, aliponiambia bila kuinua macho:

"Nenda kaonyeshe hicho kinundu."

Nilitema pini kiganjani. "Kinundu gani?"

"Cha shavuni. Unakilamba kutwa."

Kilikuwepo kweli, ndani ya shavu la kulia, kidogo kama punje ya dengu. Nilishakitafutia sababu: nimejing'ata, au pini zimenichoma. Tena nisingekwenda, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema.

"Hakiumi."

"Sikuuliza kama kinauma."

"Umekuwa daktari tangu lini?"

"Tangu wifi yangu awe punguani."

Nilimnunia siku mbili. Siku ya tatu, wateja wakiwa mlangoni, alifunga duka saa nne asubuhi, akatia funguo kifuani, akasema hafungui mpaka nikaonwe. Nilimtukana njia nzima hadi kliniki. Alinifuata hatua chache nyuma, uso mkavu, kana kwamba hatujuani.

Daktari wa meno alivaa glavu, akaniminyaminya shavu. "Una muda gani uvimbe huu?"

"Wiki moja. Labda mbili."

"Mwongo huyo," wifi akasema akiwa amesimama mlangoni. "Miezi miwili imepita. Tulikuwa tunashona sare za shule. Miaka yote anabana pini upande wa kulia. Tulipofika kwenye mashati ya mikono mirefu akazihamishia kushoto, na hajazirudisha."

Sikuwa najua kama nimezihamisha.

Daktari aliacha kuandika. Alisema kitu cha namna hii mtu anaweza kukisubiri wiki mbili tatu kipotee chenyewe, lakini miezi miwili hapana, hata kama hakiumi. Huenda si kitu. Kesho yake angekata kipande kipelekwe maabara, na majibu yangechukua siku kumi.

Tulirudi dukani. Wifi alifungua mlango, akavuta droo yake, akanirushia kimto cha pini kilichoshonwa kwa mabaki ya zile sare.

"Mdomoni usitie pini tena."

Nilimchukia siku hiyo kuliko siku zote. Kaka yake analala ubavuni mwangu na hakuona lolote. Nilichomeka pini zangu nne, moja moja.

"Kimto chako kimekwenda upande," nikamwambia.

"Basi fumua ushone mwenyewe."

Akakaa kwenye cherehani yake, mguu juu ya pedeli, na hadi tunafunga hakupiga hata mshono mmoja.