Kamanda Kwenye Chokaa

Ngome yetu ina mizinga minne, popo wasiohesabika, na mtembeza wageni mmoja ambaye pia ndiye mfagiaji na mpakaji chokaa. Huyo ni mimi. Wananiita Kamanda. Cheo hicho sikupewa na jeshi lolote. Nilijipa mwenyewe miaka thelathini iliyopita, nilipokuwa namtongoza binti mmoja fundi cherehani.

Mwaka ule watu wa sinema walikuja kupiga filamu ya vita humu ngomeni, na vijana wa mtaani tukaajiriwa kuwa askari. Nilimwambia yule binti kwamba mizinga ilipolia wenzangu wote walitimua mbio, nikabaki langoni peke yangu na upanga wangu. Akaniamini, akanikubali. Ukweli ni kwamba aliyetimua mbio alikuwa mmoja tu. Sina haja ya kumtaja.

Uongo huo niliutunza vizuri kuliko nilivyoitunza ngome. Mwezi uliopita daktari alimwambia mke wangu kwamba jicho lake la kulia lina mtoto wa jicho na lazima apasuliwe. Akaitia karatasi ya hospitali kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Nikajipiga kifua. "Mimi sikuogopa mizinga, wewe unaogopa kisu kidogo?" Akarudi kwenye cherehani yake. Karatasi ikabaki kwenye droo, na mimi nikajiona nimempa moyo.

Kisha mkuu wa makumbusho ya ngome akaja na wazo lake: kila Jumamosi jioni, sinema za zamani uani mwa ngome, bure, njooni na mikeka yenu. Ya kwanza ingekuwa ile iliyopigwa hapahapa, ambayo mtaani kwetu haikuwahi kuonyeshwa. "Kamanda, utakaa mbele na familia," akasema. Nilitabasamu, nikarudi kwenye ufagio wangu.

Pazia la kuonyeshea picha alipewa mke wangu alishone, shuka nane ziwe moja. Alishona amefumba jicho moja, akiimba, na mshono wa katikati ukaenda upogo. "Safari hii nitakuona ulivyosimama," aliniambia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Ningeweza kusema palepale. Badala yake nikatafuta ujanja.

Nilikumbuka kwamba siku ile nilikimbilia kushoto kwa kamera. Basi Jumamosi, fundi wa sinema alipokwisha kulenga projekta yake na kwenda kunywa chai, nilifungua kamba za pazia nikalisogeza kulia hatua mbili. Upande wa kushoto wa picha ungekosa pazia, ungeangukia mawe ya kale yaliyokwisha kuwa meusi, nami ningepotelea humo na mbio zangu. Yaliyosalia nililiachia jicho bovu la mke wangu. Ndiyo, nilifikia huko.

Taa zikazimwa, projekta ikawashwa, na hapo ndipo nikakumbuka chokaa. Kipande kile cha ukuta kilibanduka kwa mvua za mwaka huu, na aliyekipaka upya, tabaka tatu nzima, akakipiga picha na kuwatumia ndugu wote, ni mimi. Pazia lilipepea na kukunjamana, chokaa ilitulia. Kushoto kila kitu kilionekana hadi vifungo vya mashati. Watu wakaanza kuhamisha mikeka waje upande wa chokaa yangu.

Nilikaa robo tatu ya saa nikiungoja mzinga wangu. Ukalia. Askari wote wakasimama imara langoni. Mmoja akatupa upanga, akachomoka, akaingia kwenye chokaa yangu akiwa na urefu wa mita tatu, mdomo wazi, miguu peku. Halafu akasita, akageuka, akarudi mbio kwenye moshi, akaokota ndala zake za mpira, akatoka tena nduki. Vita vya mapanga na mizinga, na ndala za bluu.

Ua mzima ukaangua kicheko. "Kamanda!" mtu akapiga kelele nyuma.

Mke wangu hakucheka. Aliziba jicho bovu kwa kiganja, akatazama mpaka picha ikapita.

"Yule ni wewe."

"Ni mimi."

"Ulikimbia."

"Nilikimbia, mke wangu. Niliogopa sana. Nisamehe."

Akakishusha kiganja. Nilidhani kichwani mwake anafungasha mizigo aniache.

"Miaka thelathini," akasema polepole, "kila nikiogopa kitu nakaa nacho peke yangu. Uchungu wa mtoto wa kwanza. Siku mama alipolazwa. Sasa hili jicho. Nikawa najiuliza, nitamwambiaje mtu aliyebaki peke yake na mizinga?"

Kicheko cha watu kiliacha kuniuma. Maneno yake ndiyo yaliyoniuma, na yananiuma mpaka leo.

"Unaogopa?" nikauliza.

"Mpaka silali."

"Na mimi pia. Tangu siku ya ile karatasi."

Akanishika mkono. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe kicheko ndiyo kwanza kinamfikia.

"Jumatatu tunakwenda hospitali," akasema akifuta machozi. "Utanisubiri mlangoni. Ila ndala zako nitaingia nazo ndani."