Namba Zinazopanda

…na asipoitikia hata safari hii basi, ataifunga kompyuta akaoshe vyombo, maana miezi minne ya kuzungumza na mzee aliyegeuka ukuta inatosha, na ukuta angalau ukiugonga unatoa sauti… akajionea haya, kumwaza hivyo baba yake mzazi, akageuza picha kwa kidole, nyota saba za Jabari zikazunguka kwenye skrini, ukilitazama lile jitu kwa mbele liko vilevile kama angani, mabega mawili, mshipi, goti, mguu, ukilitazama kwa ubavu linasambaratika, hii karibu, ile huko nyuma kabisa, kumbe nyota zenyewe wala hazijuani, na programu yote hii aliiandika ili baba aje ayashike hayo kwa mikono, shanga saba na waya saba, kila waya na urefu wake kulingana na umbali wa nyota yake, macho yamekwenda lakini vidole vipo, vidole vilivyovuta kamba ya kupimia viwanja miaka thelathini na mitano… dada yake mkubwa kwenye simu anasema usimchoshe mzee na makompyuta yako, rahisi kusema ukiwa mbali, si yeye anayeiona chai ikipoa kila alasiri bila kuguswa, baba kitini, uso ameuelekeza dirishani kwenye mwanga asiouona… haya, asome umbali, bega la kwanza miaka ya nuru mia mbili hamsini, bega la pili mia tano hamsini, anasoma kama anavyompa dawa, kijiko kimoja kimoja, mshipi mia sita hamsini, mia saba arobaini, mia nane sitini, huku akili inatangatanga, inamwona baba karudi na matope viatuni, katandaza daftari la vipimo kwenye meza hii hii, ole wako uweke kikombe juu yake, goti elfu moja na mia mbili, mguu elfu mbili, basi, zimekwisha, na… amesema kitu?

"Namba zako zinapanda tu," baba alisema.

Sauti imekauka, lakini ni ile ile ya kazini, akauliza zinapandaje, baba, ilimradi aendelee, aseme chochote.

"Kila moja kubwa kuliko iliyotangulia. Nyota zimepanga foleni? Umeipanga safu ya umbali peke yake, majina ukayaacha palepale. Vijana wangu walikuwa wananiharibia viwanja hivyo hivyo."

Akafungua jedwali, ni kweli, jana aliipanga ile safu kuanzia ndogo mpaka kubwa, ipendeze tu, na nyota zikabeba umbali wa wenzao, na kwa mbele jitu likabaki zima, na yeye kwa macho mawili mazima hakuona kitu, angempa baba mbingu ya uongo aipapase… aibu ilimshika, na furaha ikaipita aibu mbio, kwa sababu ili kulijua kosa lile mzee amezibeba namba zote saba kichwani, amezilinganisha, siku zote hizi pengine alikuwa anasikiliza, anangoja mtu amletee kitu cha kukosoa badala ya pole…

"Na nani aliyepima?" baba aliuliza.

Hajui, hakuwahi hata kujiuliza, baba yuko pale pale, uso dirishani, hajageuka hata kidogo, na yeye akaanza kulisoma jedwali kutoka juu, akitafuta jina la aliyepima, maana sasa anakaguliwa, na mzee huyu kwenye kazi hamwachii mtu.