Urukususu wa Wawi

Bi Mwanabaraka hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini akishasema neno halirudi. Alimwambia mkaza mwanawe, Mwanawema, wamesimama nyuma ya nyumba yao ya Wawi: masika yakianza, na kile kitalu chake hakijatoa kitu cha kutiwa mdomoni, panaingia muhogo. Mwanawema aliitikia "taibu, mama." Hakuwa na kipande kingine cha ardhi duniani.

Alichopanda humo, sasa mwaka wa tatu, ni urukususu, ule mzizi mtamu wa dawa ya kifua. Kila Mpemba anaujua, lakini anaujua mkavu, ndani ya kopo la muuza dawa. Baba yake Mwanawema aliuuza Konde umri wake wote na akafa hajauona una jani. Binti yake akaapa kwamba yeye atauona. Shangazi yake alipokuja kutembea kutoka Maskati alimletea mbegu; Mwanawema akaziloweka, akazipanda, zikaota.

Hapo akakosea, na kosa lenyewe lilikuwa la Kipemba hasa. Sisi tukiona mche wowote tunauona mkarafuu. Na mche wa mkarafuu, tangu enzi za mababu, hulelewa kivulini na kumwagiwa maji asubuhi na jioni. Basi Mwanawema akaujengea urukususu kibanda cha makuti, akaumwagia maji mpaka ardhi ikawa tope. Miche ikageuka manjano na kulala mmoja mmoja. Bi Mwanabaraka kila akipita husimama kidogo. "Dawa ya kifua nayo imeshikwa na kifua?" huuliza, kisha akaenda zake.

Aliyemwokoa Mwanawema, usicheke, ni mbuzi. Mwanawema alikwenda Konde kwenye harusi ya ndugu yake, akakaa huko siku kadhaa, na nyumbani hakuna aliyekumbuka kumwagilia. Mbuzi wa jirani yao, Mzee Kificho, akakata kamba na kuangusha nusu ya kibanda. Mwanawema aliporudi alilia kwa hasira. Alipomaliza kulia akatazama vizuri: miche ya kivulini ilikuwa imekufa yote, na mmoja uliobaki juani, bila tone la maji, umesimama na kijani chake.

Akang'oa makuti yaliyobaki. Akainua tuta la mchanga mpaka magotini, akauhamishia mche wake juu ya tuta, akaacha jua lifanye kazi. Mwaka wa tatu mti ulimpita kimo, na majani madogo madogo kama ya mkwaju, na maua ya zambarau ambayo watu walitoka Tibirinzi kuja kuyatazama.

"Maua hayatiwi mdomoni," alisema Bi Mwanabaraka.

Mawingu ya masika yalipoanza kujikusanya, alikuja asubuhi na mzigo wa vipando vya muhogo kichwani. Majirani nao wakaja, huyu kaja kuazima kibiriti, yule kaja kuomba chumvi, na hapana aliyeondoka. Talib, mumewe Mwanawema, alisimama mlangoni. Kati ya mama na mke, mlango ni pahala pema.

Mwanawema alichimba kwa jembe, kisha kwa panga. Mti ukatoka. Mzizi wake ulikuwa mfupi, mweusi, umeoza ncha.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani, mwanangu," alisema Bi Mwanabaraka, na alisema kwa upole. Upole ule ulimuuma Mwanawema kuliko kejeli zote za miaka mitatu. Akapiga magoti kufukia shimo, machozi yamemlenga.

Mkono wake ukagusa kitu kama kamba. Kilikuwa kimetoka ubavuni mwa mti na kwenda zake kwa chini, kimelala. Mtaka cha mvunguni sharti ainame; akainama mpaka kifua kikagusa mchanga, akafukua kwa vidole. Ulikuwa mzizi mnene, mzima. Akakata kipande, akakikwangua gome, ndani manjano kama kiini cha yai.

Alitamani sana kukionja. Lakini hukumu haikuwa yake. Akakiosha, akampa mkwewe kwa mikono miwili.

Bi Mwanabaraka akatafuna. Akatafuna tena, macho ameyafumba, na aliyekuja kuazima kibiriti akasahau kupumua.

"Mtamu," alisema. "Wallahi mtamu kuliko wa dukani."

Vigelegele vikapasuka. Mwanawema alicheka na kulia kwa pamoja. Akarudi kuuvuta mzizi uliobaki, ukagoma. Akaufuata kwa macho, akaona unakoelekea, akaachia. Ulikuwa umeingia chini ya matuta ya muhogo ya Bi Mwanabaraka yaliyopakana na kitalu, muhogo mchanga ambao haujafika kuliwa, na hapana aliyewahi kuugusa bila ruhusa yake.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "umeingia kwako."

Bi Mwanabaraka alitua vipando vyake. Akamnyang'anya jembe, akajifunga kanga kiunoni, akalipiga tuta lake mwenyewe. Shina la kwanza la muhogo likang'oka, akalitupa kando bila kulitazama.

"Shika upande huo weye," alimwambia mkaza mwanawe. "Tuufuate mpaka unapoishia."