Bibi Arusi Kwenye Foleni ya Chaji

Resty aliipenda kazi yake, isipokuwa kipande kimoja. Alisimamia kituo cha kuchajia magari ya umeme mjini Busia, upande wa Uganda, ubavuni mwa kituo cha mafuta kwenye barabara ya kwenda Tororo. Alipenda kuwaelekeza madereva wageni jinsi ya kuchomeka waya. Alipenda hata maswali ya wapita njia, waliotaka kujua kama gari la namna ile likinyeshewa na mvua humpiga mtu shoti. Kipande asichokipenda kilikuwa kudai ada ya kukalia chaja.

Ada yenyewe haikuwa ngumu kuelewa. Gari likishajaa chaji, mwenyewe alipewa muda mfupi wa kuliondoa. Akichelewa, kila dakika iliyopita ilihesabiwa, na ujumbe wa kudaiwa ukaingia kwenye simu yake. Magari ya umeme yalikuwa yameanza kuongezeka, hasa ya watu wa teksi na wafanyabiashara waendao na kurudi Malaba, na aliyekalia chaja bila kuihitaji alimziba mwenzake. Madereva waliita ada hiyo kodi ya usingizi. Wengi waliilipa huku wananung'unika. Mzee Wabwire hakuwa ameilipa hata mara moja.

Wabwire alikuwa wakala wa kutoa mizigo forodhani, mtu mrefu, mcheshi, anayejulikana kuanzia mpakani hadi Majanji. Alikuwa na tabia ya kuchomeka gari lake asubuhi, kisha akaenda zake mpakani kushughulikia malori ya watu, akarudi wakati jua liko utosini. Resty akimtajia ada, alicheka kama mtu aliyesimuliwa hadithi.

“Mwanangu, gari yangu nasimama tu,” alimwambia siku moja. “Hakuna umeme nakula. Sasa mimi nalipa kusimama?”

Alisema hivyo bila ubaya wowote, kisha akamuulizia mama yake kwa jina, akamwachia chapati iliyofungwa kwenye gazeti. Resty alikuwa amelelewa kutobishana na mtu wa umri wa baba yake, sembuse kumdai. Kwa hiyo, kila mara alimpigia simu msimamizi wake aliyekuwa Tororo, akamwomba aifute ada ya mzee. Msimamizi aliifuta, lakini mara ya mwisho alimwambia kwamba mkono unaofuta ni wake yeye, ila anayemdekeza mzee ni Resty. Maneno hayo yalimkaa Resty moyoni kwa sababu aliona ni kweli.

Basi ikafika Jumamosi ya harusi ya Mugeni, mtoto wa marehemu kaka yake Wabwire. Wabwire ndiye aliyemlea, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi. Alifika kituoni mapema akiwa amevaa suti mpya ya buluu, kofia, na ua kifuani. Wiki hiyo mashine moja kati ya mbili za kituo ilikuwa imeharibika, ikingoja kipuri kutoka Kampala, kwa hiyo alichomeka kwenye ile iliyobaki. Muda si muda gari la bwana arusi likapita kumchukua. Wabwire alifunga milango ya gari lake, akamwambia Resty kwamba atarudi kabla halijajaa, akarukia kiti cha nyuma, wakaondoka wakipiga honi.

Gari lilijaa. Wabwire hakurudi. Resty alimpigia simu, akashangaa kusikia mlio ukitoka ndani ya gari lenyewe. Alichungulia kupitia kioo akaona simu ya mzee inawaka na kuzima juu ya kiti. Alijaribu kuuchomoa waya akijua fika kwamba hautoki, maana ukishajifunga hufunguliwa na mwenye ufunguo wa gari tu. Akarudi kukaa kivulini, akijiambia kwamba leo ni siku ya harusi na pengine hakuna mtu atakayekuja.

Aliyekuja alikuwa Swabur. Huyu alikuwa kijana wa Tororo kutoka familia ya wasafirishaji, na gari lake jeupe la umeme lilikodiwa kwa sherehe karibu kila mwisho wa wiki. Siku hiyo lilikuwa limepambwa kwa riboni za dhahabu na maua mbele hadi nyuma, lakini lilikuwa linatambaa polepole kiasi kwamba baiskeli ya muuza mkate ililipita. Madirisha yote yalikuwa wazi. Ndani, katikati ya wapambe wawili wanaojipepea kwa vipande vya maboksi, alikuwa ameketi bibi arusi.

Swabur alishuka akiwa amelowa jasho, akamsimulia Resty yaliyowapata. Alitoka nyumbani gari likiwa limejaa. Lakini kabla ya kuondoka Tororo walipiga picha chini ya ule mwamba mkubwa wa mji, huku kiyoyozi kikinguruma muda wote ili vipodozi visiyeyuke. Walipokwisha kuondoka walirudi kuchukua viatu, wakarudi tena kuchukua shada. Walipofika Busitema, njiani, gari lilianza kutoa onyo. Swabur aliomba wazime kiyoyozi na muziki, lakini shangazi wa bibi arusi, aliyeketi mbele, akamwambia aendeshe tu, hawakukodi gari ili wapikwe. Sasa hata shangazi huyo alikuwa ametoa kichwa dirishani akitafuta upepo.

“Dada, nisaidie kidogo tu,” Swabur alisema. “Kanisa liko njia ya Majanji. Hivi lilivyo, gari halifiki.”

Resty akauliza anayeolewa ni nani. Akajibiwa kwamba ni Atai, na bwana arusi ni Mugeni wa hapa hapa Busia. Resty aligeuka akalitazama gari la Wabwire, lililojaa, limefungwa, waya ukiwa ndani. Alitaka kulia na kucheka kwa wakati mmoja. Akamweleza Swabur gari lile ni la nani.

Shangazi, ambaye jina lake lilikuwa Lillian, alisikia kila kitu kupitia dirishani. Alishuka, akalizunguka gari la Wabwire kama mnunuzi anayekagua ng'ombe sokoni, akasema kwamba ukoo unaomzuia bibi arusi wake wenyewe asifike kanisani hajawahi kuuona. Mpambe mmoja alipendekeza wakodi teksi yoyote inayopita. Shangazi akakataa. Teksi ya kwanza iliyosimama ilikuwa imetoka kushusha samaki, na harufu yake ilifika kabla haijazima injini. Atai mwenyewe alisema yuko tayari kupanda hata bodaboda, ila wamshikie shela. Shangazi alimtazama kwa namna iliyomaliza mjadala.

Kilichobaki kilikuwa kumfuata Wabwire. Resty alimwomba mhudumu wa kituo cha mafuta amshikie zamu, akasimamisha bodaboda. Njiani alikuwa akipanga maneno. Kila alipoyapanga yalitoka kama ya kuomba msamaha, na hakuona ni kosa gani analoliombea.

Kanisani watu walikuwa wamechoka kuimba. Mugeni alikuwa amesimama mlangoni na bestimani wake, kola imemlowa, akitazama barabara. Simu za upande wa bibi arusi hazikuwa zikipokelewa; zote zilikuwa kwenye mkoba mmoja ndani ya buti ya gari la Swabur, na katika kuhangaika kule hakuna aliyezikumbuka. Tayari wengine walikuwa wameanza kunong'ona kwamba msichana amebadili mawazo. Wabwire alikuwa uani, akiwaeleza wageni kwamba watu wa Tororo ni wazuri kwa kila kitu isipokuwa kuheshimu wakati.

Resty aliposhuka kwenye bodaboda na sare yake ya kazi, wote wakageuka kumtazama. Mugeni alidhani ameletewa habari ya ajali, akamkimbilia. Resty alimtuliza haraka kwamba wote wazima, kisha akamwendea Wabwire, akaanza kumweleza kwa sauti ya chini. Wabwire akamwambia aseme kwa sauti, hapa wote ni watu wa nyumbani.

“Mzee, bibi arusi yuko kwangu, pale kituoni,” Resty alisema. “Gari walilokuja nalo limeisha chaji. Wanashindwa kuchaji kwa sababu gari lako limekalia mashine.”

Wabwire alimkodolea macho. “Lakini yangu si ilijaa?”

“Ilijaa kitambo, mzee. Ndiyo shida yenyewe.”

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Mugeni. Alicheka mpaka akashika ukuta wa kanisa, kicheko cha mtu aliyekuwa ameogopa sana na sasa haogopi tena. Watu wakamfuata, akina mama wakapiga vigelegele, na kwaya, bila kuambiwa na mtu, ikaanza wimbo upya. Wabwire alijitahidi kubaki na uso wa mwenyekiti, akashindwa. Alijipapasa mifuko akitafuta ufunguo, akaupata, akakunja suruali ya suti yake mpya na kupanda bodaboda nyuma ya Resty.

Kituoni, Lillian alikuwa anamngoja. Hakumpa salamu. Alimweleza kwa kirefu jinsi joto lilivyo ndani ya gari lisilo na kiyoyozi, na jinsi mtoto wa watu anavyopaswa kupokewa. Wabwire alivua kofia yake, akasikiliza mpaka mwisho, akasema kosa ni lake na hana la kujitetea. Kisha akamgeukia Atai, akampa pole kwa mikono miwili. Atai akamwambia asijali, kwamba wamefahamiana vizuri zaidi hivi kuliko ambavyo wangefahamiana kanisani.

Wabwire akafungua gari. Waya ukachomoka. Alipochukua simu yake kutoka kwenye kiti, alikuta jumbe za ada zimejazana. Alizipitia kwa kidole, nyusi zikipanda. Halafu, kwa mazoea, akamnyooshea Resty simu.

“Mwanangu, hii ongea na wakubwa wako wafute, kama siku zote.”

Swabur alikuwa tayari anasogeza gari lake kwa kulisukuma pamoja na wahudumu wawili. Wapambe walikuwa wanahamishia baadhi ya maua kwenye gari la Wabwire, ambalo sasa ndilo litakalompeleka Atai kanisani. Resty aliwatazama, akaona kwamba maneno aliyoyatafuta njiani yote yalikuwa mengi mno.

“Leo sifuti, mzee,” alisema. “Wewe hukula umeme, ni kweli. Ulikula nafasi.”

Hakupandisha sauti. Wabwire aliushusha mkono. Akalitazama gari lililopambwa likisukumwa, akamtazama Atai akijifuta jasho kwa ncha ya shela, na uso wake ukabadilika kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa kitu ambacho kilikuwa mbele yake siku zote. Akairudisha simu karibu na macho, akabonyeza namba zake za siri, akalipa. Akamwonyesha Resty ujumbe wa malipo, kisha akamfungulia bibi arusi mlango wa nyuma.

Waliondoka Wabwire akiwa dereva, Lillian kando yake akimwelekeza kila kona ya mji ambamo Wabwire alizaliwa. Kiyoyozi kilikuwa kimewashwa mpaka mwisho.

Harusi ilifungwa, ikachelewa kidogo, ikanoga kuliko kawaida. Wakati wa karamu Wabwire alisimama kutoa hotuba, akajaribu kuanza na habari ya foleni za barabarani. Upande wa Tororo ukamzomea kwa furaha mpaka akasema ukweli wote, hata ile sehemu ya kusikiliza mawaidha akiwa na kofia mkononi. Aliwaambia wageni kwamba aliyekuwa akimdai alikuwa na haki muda wote, na yeye alidhani anataniwa. Kisha akauliza yule binti yuko wapi.

Resty alikuwa kituoni bado. Gari la Swabur lilikuwa limekaribia kujaa, na Swabur, ambaye sasa hakuwa na bibi arusi wa kumbeba, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akimngoja atoke zamu, ili asifike kwenye sherehe ya watu peke yake na gari lenye maua. Alipomweleza hivyo, Resty aliangalia mashine, akamwambia ainuke alisogeze gari kwanza, limejaa. Swabur aliinuka mbio. Mhudumu wa zamu ya jioni alipofika, walikwenda pamoja njia ya Majanji, madirisha wazi, riboni za dhahabu zikipeperuka, na watoto wa kando ya barabara wakawapungia mikono, wakidhani hao ndio maarusi.