Kikopo cha Mama Mkwe

Jamani, kuna elimu nyingine ni mkosi! Mimi Mama Awadhi nimeyaona kwa macho yangu, hapa hapa Kitangari, kwa jirani yangu Bi Dominika.

Mume wa binti yake Isabela, Dokta Ladislaus, anafundisha chuo kikuu. Anachunguza bakteria wa tumboni, eti ndio wanaoufundisha mwili kupigana na maradhi. Sawa, hatukatai. Lakini alikuja na katoni za maji ya chupa, yetu anayaogopa, kisha anatuambia matumbo yetu ni hazina! Hajakaa vizuri, mbele ya majirani, akamnyooshea mama mkwe kikopo.

"Mama, naomba choo chako. Kikubwa."

Mama mkwe! Mtu ambaye hata kula mbele ya mkwewe hawezi, akisikia kikohozi chake tu anajitanda khanga! Aibu niliona mimi.

Bi Dominika alilia. Akitoa, atamtazamaje tena mume wa mwanawe? Akikataa, Isabela atanuniwa ndani ya nyumba, maana huyo bwana na uprofesa ni kufa na kupona. Basi akafuta machozi, akabeba kikopo hadi banda la mbuzi. Akaponda, akatia maji, akafunika vizuri.

Miezi ikapita. Juzi Dokta karudi, kavaa tai, kaitisha mkutano ofisi ya kata.

"Bakteria wa mama ni wa ajabu! Wanasaga hata majani makavu! Mwenzangu wa maabara alitia shaka, nikamwambia hajui kazi." Akatoa chupa ya vidonge. "Nimewakuza, nimetengeneza hivi. Nameza kila asubuhi, na mafua siyajui! Sasa mama atanipa kikopo kila mwezi."

Wallahi niliuma khanga. Bi Dominika hakumtazama mkwewe, adabu ni adabu. Akamgeukia Isabela, akasema ofisi nzima ikasikia:

"Mwambie mumeo, kama dawa imemkubali, namshukuru Mungu. Ila mimi aniache. Mwenye choo ni yule mbuzi wangu mwenye baka jeupe. Amfunge kamba, aende naye chuoni."

Dokta alikuwa ameshatoa kidonge kimoja atuonyeshe anavyomeza. Alikishika hivyo hivyo mpaka watu wakamaliza kucheka, na maji yake ya chupa yakaisha kwa kusukutua.