Upande wa Pili wa Mkono

Kanyamibwa alibakiwa na picha tatu tu za kupiga. Padri wa misheni kule Masisi, aliyemwazima kamera, alishasema wazi: filimu ya pili ikiharibika kama ya kwanza, kamera inarudi kabatini. Na huyu mkulima wa maharage hakuwahi kupenda kitu maishani kama alivyokipenda kile kisanduku.

Filimu ya kwanza ilimtia aibu. Gorila mweusi tititi alitoka wa kijivu kama majivu, na msitu mzima umepauka. Wala hakuwa mzembe. Kitabu alikifuata neno kwa neno. Usipime mwanga kwa mnyama, kilisema, pima kwa mkono wako, kisha fungua lenzi hatua moja zaidi, mwanga uingie. Hata mchoro ulikuwepo, mkono umeonyesha mgongo wake. Naye akapima mgongo wa mkono.

Asubuhi hiyo walijibanza kwenye migomba ya Mama Geneviève, huko Ntoto. Mwenye shamba alimleta mwenyewe, maana gorila ndiye aliyekuwa akimmalizia migomba. Mara akatoka, mkubwa, akaketi kivulini na kuchana shina. Mama Geneviève akainua kiganja: tulia.

Kanyamibwa akakikodolea macho.

"Mama, acha mukono vile vile," alinong'ona.

"Iko na nini?"

"Ndani iko nyeupe. Inje iko nyeusi."

"Ya watu wote njo vile, Papa."

"Ya mwenye kuandika kitabu, hapana."

Furaha na hasira zilimpanda pamoja. Mara ile ya kwanza, ngozi nyeusi ilikidanganya kipimo cha mwanga kwamba kuna giza, naye akaruhusu mwanga kupita kiasi. Akapima kiganja chake kwenye kivuli kilekile, akafungua hatua moja, akapiga picha zote tatu.

Jumamosi Padri akaisafisha filimu, akatoka na picha mkononi. Gorila alikuwa mweusi, manyoya yakihesabika, hata utomvu wa mgomba ukionekana mdomoni. Akauliza imekuwaje. Kanyamibwa akafungua kitabu penye mchoro, akaweka mkono wake kando, mgongo kwanza, kisha kiganja.

Padri akanyoosha wa kwake. Akaugeuza, akaugeuza tena: mweupe huku, mweupe kule. Uso ukamwiva.

Akavuta penseli mfukoni.

"Andika hapo chini," alisema, "mwenye atakuja nyuma yako asipoteze filimu."

Kanyamibwa akaandika polepole: Kwa sisi, kiganja.