Chipukizi la Kisahani Namba Kumi na Nne

Jumatatu, saa mbili kasoro robo asubuhi, Eunike alifungua inkubeta ya pili katika maabara yao pale Themi mjini ili abadilishe majimaji ya kulishia seli, akakuta kisahani namba kumi na nne kitupu. Kando ya sinki, juu ya stuli, alikuwa ameketi msichana wa miaka tisa hivi, amevaa koti jeupe la maabara lililomfika vifundoni, anachezesha miguu.

"Shikamoo," akasema yule mtoto.

"Marahaba. Mikono umenawa?"

"Nimenawa."

Eunike akachukua daftari la zamu, akatafuta mstari wa kisahani namba kumi na nne, na mahali pa kuandika hali ya seli akaandika: Zimekuwa mtoto. Anaongea. Kisha akaweka saa na sahihi, maana Dokta Prosper, mkuu wa maabara, hakuwa mtu wa kuvumilia daftari lenye mapengo.

Sura aliijua. Alikuwa Irine, binti wa Mama Irine wa kijijini Kikwe, yule binti mwenye ugonjwa wa selimundu. Ila Irine wa Kikwe alikuwa na macho ya manjano na miguu kama vijiti, na huyu macho yake yalikuwa meupe pe, mashavu yamejaa. Wala si ajabu. Mwaka uliopita walichukua damu ya Irine, wakazirudisha seli zake utotoni mpaka zikawa seli shina, zile ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini ukubwani, kisha wakaingia ndani ya jeni wakasahihisha herufi moja iliyokosewa. Hiyo moja tu ndiyo inayozipinda chembe za damu zikawa na umbo la mundu. Walitaka kulinganisha seli nzima na mbovu, waujue ugonjwa unavyofanya kazi.

Dokta Prosper alipofika akamtoboa mtoto kidole, akalitazama tone kwenye hadubini kwa muda mrefu. Chembe zote zilikuwa za duara. "Safi sana," akasema, akaagiza mtoto apewe sare na viatu, na apimwe kila Ijumaa. Mama wa kantini akaongeza sahani moja ya makande. Jamani, mtoto yule alikuwa anakula! Na kukimbia je? Ngazi za ghorofa tatu alizipanda akiimba, pumzi imetulia tuli. Baada ya wiki mbili watu wa maabara walikuwa wameshamzoea, wanamtuma dukani vocha na chumvi.

Aliyeshindwa kumzoea ni Eunike peke yake, na si kwa sababu ya muujiza. Muujiza ulishaandikwa daftarini. Kilichomkosesha raha kilikuwa fomu.

Eunike alizaliwa Kikwe, ndiyo maana alitumwa yeye kwenda kutafuta ridhaa za wazazi. Siku ile Mama Irine alimkaribisha jikoni, akammiminia chai, akasikiliza ukurasa wa kwanza, akasikiliza wa pili, halafu akauliza, "Hiyo seli shina ndiyo nini, mwanangu?" Eunike akahangaika kwa Kiswahili, akahangaika kwa Kimeru. Mwishowe akatazama nje, kwenye migomba, akasema, "Ni kama chipukizi, mama. Tunachimba chipukizi kwenye shina lako, tunalipanda kwetu, tunaliondolea ugonjwa. Shina lako linabaki palepale."

"Aa! Si ungesema hivyo tangu mwanzo," akasema Mama Irine, akachovya dole gumba kwenye wino.

Sasa, kwa watu wa kwao, chipukizi halina bei. Ukichimba chipukizi kwa jirani, mkungu wa kwanza ni wa aliyekupa. Unaubeba mpaka mlangoni kwake, hata kama siku hizi amehamia mjini Lemara. Hakuna aliyeliandika hilo popote, na hakuna asiyelijua. Eunike mwenyewe alilijua tangu ananyonya. Alimwona Mama Irine akitabasamu huku anafuta wino, akajua kabisa mama wa watu ameelewa nini: kwamba likizaa, ataletewa. Angeweza kusema, "Hapana, mama, sisi hatuleti kitu." Lakini ilikuwa Alhamisi, fomu kumi na mbili zilitakiwa kufika kesho yake, naye alikuwa nazo kumi na moja. Akaikunja ya kumi na mbili, akaaga. Tangu hapo kila alipolikumbuka lile tabasamu uso ulimchoma, hata akiwa peke yake anapiga mswaki.

Mwezi wa saba, mwanamke mmoja anayepeleka maziwa Themi akamwona yule msichana anaruka kamba uani, akarudi Kikwe na habari. Ijumaa iliyofuata Lerionka, askari wa getini, akampigia Eunike simu: kuna mama na binti yake, wanasema wamekuja kwa ajili ya mavuno, awaruhusu? Wakaruhusiwa. Irine wa Kikwe alipumzika kila baada ya vidato vitatu, na ghorofa ya mwisho mama yake akambeba.

"Shikamoo, mama," akasema msichana wa kisahani.

"Marahaba, mwanangu." Mama Irine akamgeuza huku na huku, akamshika mashavu, akamchungulia macho. "Limezaa vizuri," akasema. Wasichana wawili wakatazamana, wakakaa benchi moja, wakaanza kubishana nani ana miguu mirefu.

Dokta Prosper akatoka ofisini. Mama Irine akasimama.

"Dokta, Mungu awabariki kwa kazi hii. Na huyu wangu nimemleta. Basi mwekeeni damu ya mwenzake mzima, tuwahi gari."

"Mimi niko tayari," akasema msichana wa kisahani, akakunja mkono wa sare.

"Wewe ni sampuli," Dokta akamwambia kwa upole, naye akaukunjua. Kisha Dokta akamweleza mama: mradi ule ni wa kuuchunguza ugonjwa, si wa kumtibu mgonjwa. Tiba labda itakuja, baada ya miaka kumi, ishirini, na haijulikani itamfikia nani. Yote yameandikwa ukurasa wa tatu. Dokta Prosper hakuwa mtu mbaya. Alisema ukweli mtupu, na ilikuwa mara ya kwanza Mama Irine kuusikia.

Alimsikiliza mpaka akamaliza. Alimgeukia Eunike.

"Eunike. Si uliniambia chipukizi?"

Watu wa maabara waliacha kazi zao wakageuka. Dokta alikuwa anamtazama Eunike, kalamu mkononi. Akisema ndiyo, fomu si fomu tena, utafiti umeingia doa, na yeye hana kazi. Akisema ndiyo, pia, labda mtu atalazimika kumtazama Irine wa Kikwe kama mgonjwa wao. Yote mawili aliyaona.

"Ulisikia vibaya, Mama Irine," akasema. "Nilisema sampuli."

Sauti yake ilitoka vizuri tu, bila hata kukwama. Aibu ilimshika mpaka masikio yakamwasha, akatamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka, na hata hivyo wao walikuwa ghorofa ya tatu.

Mama Irine akatikisa kichwa taratibu, akakunjua kanga, akaanza kumfunga mwanawe mgongoni. Msichana wa kisahani akamsaidia kukaza fundo, akawaaga, kisha akaenda kusimama ukutani penye rula, maana alikuwa bado hajapimwa urefu.

Mlangoni Mama Irine akasita. Akarudi hatua mbili, akaushika mkono wa Eunike kwa mikono yake yote miwili.

"Basi unisamehe, mwanangu. Sisi watu wa shamba masikio yetu mazito. Nimekuja kukuaibisha kazini kwako, mbele ya wakubwa zako."

Na Eunike, mbele ya watu wote wale, akamsamehe.